Bidoni Iliyotolewa Nje

Nani ametoa bidoni yangu nje?

Ninauliza hilo kwanza, mengine yatafuata. Mliniomba niandike kumbukumbu za kazi, za kusomwa leo mchana mbele ya wageni wa karatasi, na Noella, ambaye ndiye mkubwa wenu sasa hapa maabara, akaongeza kwa adabu zake zote kwamba niandike maneno mazuri. Nimefika asubuhi na kalamu yangu, nia njema kabisa. Nikakuta pale nyuma ya mlango, mahali ambapo bidoni ile, dumu la njano la maji, imekaa miaka yote, pamepigwa deki na pamewekwa ua la plastiki. Bidoni yenyewe iko nje karibu na choo, juani, kifuniko kimelegea, inasubiri kumwagwa.

Basi sahauni maneno mazuri. Nitaandika hivi hivi nilivyokasirika, na Noella atasoma yote bila kuruka mstari. Wageni ni watu wazima. Wametoka mjini kuona kama vigogo vya migomba yetu vinaweza kuwa karatasi ya kufungia chai na jibini, kwa hiyo hawatakufa wakisikia habari za maji yanayonuka. Maji hayo ndiyo yanayotenganisha nyuzi za mgomba. Yakifa, hamna kamba, hamna karatasi, hamna maabara, na wale mama wote wanaosokota kule chini watarudi nyumbani mikono mitupu. Nyinyi mlitaka kuyamwaga kwa sababu ya harufu.

Kwa walio wapya, mimi ndiye mnayeniita Mama Selulozi mkidhani sisikii. Nasikia. Nimezaliwa hapa hapa Masisi, kwenye familia ya maharagwe na muhogo, familia ya kanisani na ya jembe, na maisha yangu ya kazi nimeyatumia kuchungulia ukuta wa seli ya mmea. Shangazi zangu waliposikia nimeajiriwa kuangalia ukuta, waliuliza kama nitapewa pia ngazi.

Ukuta huo nitaueleza mara moja tu. Ni nyumba ya miti na udongo. Fito zake zinaitwa selulozi, na fito hizo zimefungwa kwa vikamba viitwavyo hemiselulozi. Udongo unaojaza katikati, na unaoshikanisha nyumba moja na ya jirani, ni pektini. Mmea ukikomaa unajipiga saruji, ndiyo lignini, na ndiyo maana mwanzi unaumiza mkono lakini kigogo cha mgomba unakikata kwa kisu cha jikoni. Kazi yetu yote ni kuibomoa nyumba hiyo kwa adabu. Unatoa udongo, unaziacha fito nzima. Anayevunja fito amepika uji, na uji nimepika mwingi.

Aliyenifundisha ni Papa Bahati, mkuu wa maabara hii ilipokuwa na madirisha yote. Mtu mfupi, kofia ya sufu kichwani hata mchana, maana baridi ya huku mnaijua. Hakuwa na vifaa vya kisasa vya kukata vipande vyembamba vya mmea, na hakulalamika hata siku moja. Alichukua shina la muhogo, akatoa ule moyo wake mweupe mwepesi, akaupasua, akabana uzi wa mgomba katikati, kisha akakata vyote pamoja kwa wembe mpya. Kipande kikiwa chembamba, unakiona kinaelea majini karibu hakionekani. Vya kwangu havikuelea. Nilikuwa na haraka na hasira, na wembe unajua mkono wenye hasira. Papa Bahati alikiinua kipande changu cha kwanza kwa ncha ya sindano, akakiangalia, akaniuliza polepole, "Mutoto yangu, hii njo coupe, ao njo kitunguu?" Yaani, hiki ndicho kipande cha hadubini, au ndicho kitunguu.

Nilikata vitunguu karibu msimu mzima wa mvua. Halafu siku moja kipande kikaelea.

Rangi pia hatukuwa nayo. Papa Bahati alituma tununue ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, akaipunguza kwa maji, na kuta za seli zikajichora mbele ya macho yangu kwenye hadubini, chumba baada ya chumba, kama mtu amezichora kwa kalamu. Sikujua kwamba kitu kinachooza kule shambani kina mpangilio wa namna hiyo ndani yake. Nilikaa pale mpaka shingo ikakataa. Jumapili nikaenda kanisani na vidole vya zambarau, na watu wakaniuliza uchaguzi ni wa lini na mbona wao hawajaitwa. Vijana, kama mnatumia dawa hiyo leo, vaeni glavu, mnazo. Sisi tulikuwa na vidole.

Sasa habari ya uji. Wakati huo hapa Masisi tulitenganisha nyuzi kwa kuzichemsha na maji ya majivu. Mnajua mama zenu wanavyolainisha maharagwe sugu kwa majivu. Ni jambo lile lile, majivu yanaula udongo wa ukuta. Mimi nikaona majivu ya miti yanakwenda polepole, nikatumia ya maganda ya maharagwe, ambayo ni makali sana, tena nikajaza na sufuria nyingine ili nimalize kabla ya misa ya mchana. Niliporudi nyuzi hazikuwepo. Kulikuwa na kitu cha kahawia, kizito, kinachotoa mapovu. Papa Bahati akakoroga, akauliza kama nimeweka sukari. Lakini hakukimwaga. Aliniambia nikitandaze juu ya wavu, nikikandamize kwa mawe, nikianike. Kikakauka kikawa ubao mwembamba, mkavu, mgumu kukunjika. Watu wa jibini wa bonde la pili waliutaka siku hiyo hiyo wauweke chini ya magurudumu ya jibini lao, maana ulikunywa unyevu vizuri kuliko mbao.

Ndivyo nilivyojifunza kitu ambacho wageni wetu wa leo wamekuja kukifuata: kamba inataka seli zilizoshikana, karatasi inataka seli zilizoachana. Mgomba ni ule ule. Tofauti ni wakati gani unaondoa mkono. Ukiondoa mapema una nyuzi ndefu za kamba; ukichelewa kwa makusudi una karatasi; ukichelewa bila kujua una uji, na wewe ndiye utakayeeleza kuni zimeenda wapi.

Kuni ndizo zilizokuwa zinaniuma. Kila sufuria ilikula mti. Vilima vyetu mnaviona vilivyo.

Halafu vita ikapanda mlima wetu. Sitaieleza, kila mmoja wenu ana yake. Papa Bahati alikuwa amezeeka, akasema atateremka Sake kwa watoto wake, na akanipa hadubini nibebe mimi upande wa pili, upande wa Walikale. Niliifunga kwa kitenge, nikaizungushia blanketi, nikaibeba mgongoni, na njiani wamama walinipisha kwanza kwenye madaraja wakidhani ni mtoto. Sikuwasahihisha. Papa Bahati aliugua kule Sake akafa, na mimi sikuwepo kumzika. Nilimpenda mzee yule. Bado ninamkasirikia kwa kutopita njia yangu.

Nilifikia Mpofi. Sasa, Mpofi si Masisi. Kule chini kuna joto, msitu uko karibu, nguo haikauki lakini mwili hautetemeki. Nilipokelewa na familia ya kanisa letu, na jirani yao alikuwa mjane mmoja aliyetoka Buleusa, Mama Furaha. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye maneno machache na yote ya kuchoma. Alikuwa na shimo lake la kulowekea muhogo kando ya kijito, kama wanawake wote wa pale. Unamenya muhogo, unautumbukiza, siku kadhaa baadaye unaukuta umelegea, unauvunja kwa mkono, unauanika, unatwanga, una unga wa fufu, ugali wetu. Nimekula fufu hiyo tangu nipate meno. Sikuwahi kujiuliza kilichoulegeza muhogo ni nini, kwa sababu nilikuwa mtu wa shule, na shimo la muhogo lilikuwa mambo ya jikoni.

Siku moja nilimsaidia Mama Furaha kuuvunja. Muhogo ulipasuka mkononi mwangu, laini kabisa, lakini zile nyuzi za katikati zilibaki nzima, safi, ndefu. Nikasimama pale na mikono inanuka. Nikakimbia kuchukua hadubini, nikaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaweka tone. Zile seli zilikuwa zimeachana moja moja, kila moja na ukuta wake mzima. Udongo ulikuwa umeondoka, fito zimebaki. Hakuna kuni, hakuna majivu. Vijidudu vilivyomo kwenye maji yale vilikuwa vinakula pektini tu na kuacha mengine. Nilicheka peke yangu mpaka Mama Furaha akauliza kama nina homa.

Nilimwomba niweke vipande vya kigogo cha mgomba ndani ya shimo lake. Alikataa. Chakula ni chakula, alisema, takataka ni takataka. Baada ya kumsumbua sana alinipa sehemu kwenye maji ya kumwagwa, pembeni, kwenye shimo dogo nililochimba mwenyewe, na akanionya mbuzi asiyaguse, maana maji ya muhogo mchungu yanaua mbuzi bila kelele. Andikeni onyo hilo mlangoni. Lilikuwepo, mkalipaka rangi.

Jambo moja la kule ndilo nataka mlikamate. Mwanamke wa Mpofi hafungui shimo jipya kwa maji mapya. Anakwenda na ndoo kwa mama mkwe au kwa jirani, anaomba maji ya zamani, anayamimina kwanza, ndipo anaongeza ya kijito. Fufu ya kwanza ikipatikana anampelekea aliyempa. Kwa hiyo maji ya kijiji kizima ni ndugu. Sisi tukayaita maji ya mama. Vipande vyangu vya mgomba vililegea humo, nikavikwangua kwa ukingo wa kijiko, na nyuzi zikatoka nyeupe kama sijawahi kuziona kwa majivu. Ndani ya muda mfupi nusu ya wanawake wa pale walikuwa na shimo la pili, la mgomba, na walikuwa wanasokota kamba zilizopanda pikipiki mpaka Sake. Wasukuma tshukudu wa Sake, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, ambao hawampendezi mtu bure, walizifungia makaa na hawakuzirudisha.

Ndipo wageni wakaja.

Si hawa wa leo. Walikuwa watu wa mradi mmoja uliokuwa umetusaidia kidogo, vifaa vya kioo, roli ya kukamulia nyuzi, na walitaka kuona kwa macho yao kabla ya kuamua kama tuendelee. Mimi nilikwenda Sake kuwapokea. Nikamwachia kazi Papa Deo, msimamizi wetu wa vifaa, mtu mwema na msafi kupita kiasi. Huyo alikuwa anafuta hata mawe. Barabara mnaijua, tulichelewa. Kule nyuma Papa Deo akaanza kuwazia viatu vya wageni na pua za wageni. Akagawa brashi na Javel, ile dawa kali ya kung'arisha nguo inayoua kila kijidudu. Na wale mama, kwa heshima waliyolelewa nayo, kwamba mgeni haonyeshwi uchafu wako, wakayasugua mashimo yao. Wakamwaga maji yale meusi, wakasugua kuta, wakasuuza kwa Javel, wakajaza maji ya kijito. Wakavaa vitenge vyao vya Jumapili, wakasimama kando wakingoja kusifiwa.

Nilipofika nikaona changarawe kwenye sakafu ya mashimo. Maji yalikuwa safi hivyo. Papa Deo alikuwa anatabasamu.

Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga, na sikufanya lolote kwa sababu wageni walikuwa wanashuka kwenye gari. Tulitumbukiza vipande mbele yao. Tukaimba. Wakasubiri siku walizokuwa nazo, na siku ya kuondoka tukavitoa. Vilitoka kijani, vigumu, kama vilivyoingia. Papa Deo mwenyewe alikwangua mpaka kijiko kikapinda. Nilieleza habari ya Javel, nikaeleza vijidudu, nikaeleza mara mbili, na nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mtu anayetafuta kisingizio. Mkubwa wao alinisikiliza kwa upole. Upole ule ndio uliniudhi.

Akasema, "Mama, hapa haiko place ya recherche. Hapa iko place ya urgence."

Nikamjibu, "Papa, bantu ya urgence nabo banafungaka mizigo na kamba."

Alitabasamu, akaandika kwamba kwetu ni mahali pa dharura, si pa utafiti. Uamuzi ulikuwa kwamba kazi ifungwe, na gari lirudi baadaye kuchukua hadubini, roli na vyombo, vipelekwe mjini mahali penye usalama. Wakaondoka. Wale mama walivua vitenge vyao na hawakuniangalia. Papa Deo alikaa juu ya ndoo, akajifunika uso kwa mikono. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumtukana, nikayaacha.

Jioni hiyo nilipita shimoni kwa Mama Furaha, ambako sikuwa nimekanyaga tangu wageni wafike, na harufu ikanipokea kabla yake. Shimo lake lilikuwa vile vile, jeusi, linatoa mapovu. Hakulisugua. Nikamuuliza kama hakupewa Javel. Alipewa, akafulia shuka.

"Bageni banakuya kuangalia kazi, ao banakuya kulala mu shimo yangu?" aliniuliza.

Msidhani alijua habari za vijidudu. Hakujua, na alisema hivyo mwenyewe. Alikuwa mkaidi tu. Wenzake walikuwa wamemcheka wiki nzima kwamba ataaibisha kijiji, kwamba watu wa Buleusa ndivyo walivyo, na yeye kadiri walivyocheka ndivyo alivyozidi kukaa. Nilimwomba maji. Akasema mimi atanipa, lakini wale waliomcheka waje wenyewe, na ndoo zao, waombe kwa midomo yao. Nikaenda nyumba kwa nyumba. Ilikuwa kazi ngumu kuliko hadubini. Wa kwanza kuja alikuwa mama kiongozi wa kwaya, aliyekuwa amesema maneno mabaya kuliko wote, na Mama Furaha akamjazia ndoo mpaka juu. Baada ya hapo wakaja wengine.

Tukaloweka. Nyuzi zikatoka. Tukazianika kandokando ya barabara, na Mpofi ikaonekana imeota ndevu nyeupe. Tukasokota kwa pamoja, mikono yote, na Papa Deo naye alisokota, vibaya, tukamwacha.

Gari liliporudi lilikuwa na dereva peke yake na karatasi ya amri. Kijana mpole, alitaka kumaliza na kuwahi njia. Nikamwonyesha sanduku la hadubini. Nilikuwa nimelifunga kwenye mguu wa meza, meza kwenye nguzo ya nyumba, kwa kamba yetu, na nilikuwa nimefunga kwa fundo la ng'ombe ambalo baba yangu alinifundisha nikiwa mdogo.

"Kamata, kaka," nikamwambia. "Sikukatazi. Ila kamba usikate, njo kazi yetu ile. Fungua ao vuta."

Alijaribu kufungua. Akajaribu kuvuta. Akaita wanaume waliokuwa wanacheka barabarani, wakavuta pamoja, na nguzo ikalia, na mama mwenye nyumba akalia zaidi ya nguzo. Kamba haikukatika. Kisu alikuwa nacho mfukoni, nilikiona mpini wake. Hakukitoa. Mwishowe akakaa chini, akajifuta jasho, akaanza kucheka na yeye, akaniuliza kama kuna nyingine ya namna hiyo, maana ya kwake ya kuvutia gari ilikatikia matopeni siku iliyopita. Nikampa iliyo nene kuliko zote. Akaondoka nayo, na karatasi yake ya amri akaikunja akaitia mfukoni.

Hawakurudi tena, wala kutunyang'anya wala kutusaidia. Ile roli mnayoikamulia hapa ni ile ile. Hadubini ni ile ile. Watu wamenishauri mara nyingi niseme kwamba tulishinda kwa neema na uvumilivu. Neema ilikuwepo, sikatai. Lakini tulishinda kwanza kwa sababu mwanamke mmoja alikataa kusafisha shimo lake.

Amani kidogo iliporudi huku juu, niliamua kurudi Masisi, na wote wakaniambia maji yale hayataishi kwenye baridi. Mama Furaha akanijazia bidoni ya njano. Watu wanahama na magodoro, na mbuzi, na sufuria. Mimi nilipanda pikipiki na hadubini kifuani na bidoni inayotoa mapovu mgongoni. Dereva alisimama kabla hatujafika Nyabiondo, akashuka, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mama, mu hii bidon kuko muntu?" Nikamwambia kuko bantu mingi sana, apande tuende.

Na kweli baridi karibu iyaue. Ndiyo sababu bidoni inakaa nyuma ya mlango, vijana, pale ukuta unapopakana na jiko. Ule ukuta una joto. Sikuiweka pale kwa mapambo. Mara nyingine vita ilipotufukuza tena kutoka hapa, niliondoka nayo, na niliporudi nilirudi nayo. Watu waliniona kichaa. Waliokuwa wananiona kichaa wamefungia ng'ombe wao kwa kamba yangu.

Najua mnachotaka kuniambia. Wageni wa leo wamekuja na vimeng'enya vya pakiti, unga mweupe usio na harufu, kijiko kimoja kwenye pipa na nyuzi zinatoka zote sawasawa. Nimeusoma, nimeujaribu, ni mzuri. Utumieni. Mimi si adui wa kitu kizuri, na karatasi nyororo inautaka unga ule. Lakini ninyi wenyewe mmewahi kuona barabara ya Sake ikifungwa. Pakiti zinakaa upande wa pili, na mama wa huku anakaa na vigogo vyake vinaoza. Wageni, mnisamehe au msinisamehe, nawaambia machoni: huku kwetu kitu ambacho hakiwezi kubebwa mgongoni na kuanzishwa upya kwa ndoo ya jirani, hicho si kiwanda, hicho ni ahadi. Kama mnataka karatasi yetu, mtaichukua pamoja na harufu.

Na wewe, Noella, najua ni wewe uliyeitoa nje. Sikuuliza kwa kutojua. Nimeona brashi yako, nimeona na chupa ya Javel juu ya dirisha, haijafunguliwa bado, namshukuru Mungu. Ulitaka wageni watuone watu safi. Papa Deo alitaka hivyo hivyo, na wale mama na vitenge vyao, na hata mimi wakati ule, moyoni, nilitamani wangesifiwa. Tumelelewa kujifuta kabisa kabla mgeni hajaingia, mpaka anaingia anakuta hakuna mtu, halafu anaandika kwamba hapa hakuna kitu.

Nimefungua kifuniko. Yako hai. Jua halikuyapata sana.

Sitairudisha ndani mimi. Magoti yangu yamestaafu pamoja nami, na bidoni si yangu tena tangu leo. Ukimaliza kusoma mstari wa mwisho, Noella, weka karatasi mezani, toka nje mbele ya wageni wote, uibebe wewe, uirudishe kwenye ukuta wa jiko. Kila wiki uipe kipande cha muhogo. Usiiweke sabuni karibu. Ukikimbia, ikimbie nawe. Lile ua la plastiki litafutie mahali pengine. Na mgeni akishika pua akauliza kinachonuka ni nini, usiombe radhi. Sema tu, "Njo siye."